Kumuuguza mgonjwa wa demensia iliyofika mbali, hatua kwa hatua

Mgonjwa niliyemfikiria ninapoandika haya ana demensia, ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na akili, na hatembei tena. Amebakiwa na maneno matano sita, hawatambui wanawe, na haja zote zinamtoka bila yeye kujua. Watu wakimwona hunong'ona kwamba hapa hakuna la kufanya, ni kusubiri tu. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia taabu mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na wagonjwa wa namna hii ndio ninaoshinda nao. La kufanya lipo kila siku, na sehemu kubwa yake haihitaji mashine wala mtaalamu. Inahitaji mtu mmoja anayemtazama vizuri, na daftari.

Hatua ya 1: Semeni wazi kwamba ugonjwa huu unaua

Demensia, iwe ya Alzheimer au ya mishipa ya ubongo, haiishii kwenye kusahau. Ubongo ndio unaoendesha kumeza, kukohoa na kukaa wima, kwa hiyo unavyozidi kuharibika kazi hizo nazo hukatika moja baada ya nyingine. Mwaka 2009 Susan Mitchell na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 323 wa demensia iliyofika mbali katika nyumba za wazee za eneo la Boston, Marekani. Ndani ya miezi 18 zaidi ya nusu walikuwa wamefariki. Asilimia 86 walipata shida ya kula, asilimia 53 walipata homa, na asilimia 41 nimonia.

Kilichonishika zaidi katika matokeo yale ni hiki: wagonjwa ambao ndugu zao walijua kwamba muda uliobaki ni mfupi na wakajua matatizo gani yanakuja, walisumbuliwa mara chache zaidi na dripu, mipira ya kulishia inayopitishwa hadi tumboni, na safari za hospitali katika miezi mitatu ya mwisho. Ndugu kujua hali halisi kulibadilisha namna mgonjwa alivyohudumiwa. Ndiyo maana naanza na hatua hii, ingawa ni ngumu kuitamka mbele ya watoto wa mgonjwa.

Hatua ya 2: Andika kawaida yake

Chukua daftari. Kwa siku tatu andika mgonjwa wako akiwa ametulia anakuwaje: anapumua vipi, mikono yake inakaa wapi, analala saa ngapi, ni sauti ya nani ikimfanya ageuze shingo. Waulize wanaomjua tangu zamani alikuwa mtu wa namna gani, alilala ubavu upi, alipenda kuguswa au hakupenda. Bila kumbukumbu hii huwezi kujua kilichobadilika, na kwa mgonjwa asiyesema, badiliko ndiyo lugha iliyobaki.

Hatua ya 3: Tafuta maumivu kabla ya kumwita mkorofi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wanapoumizwa na watu wanaowapenda.

Miaka ya mwanzo ya kazi nilimhudumia bibi mmoja aliyekuwa mwalimu. Kila asubuhi tulipomgeuza kumwosha alipiga kelele, akatukwaruza mikono, mara moja alimng'ata mwenzangu. Nikaandika kwenye faili lake: "mkorofi, anakataa huduma." Akaongezewa dawa ya kumtuliza, akawa analala mchana kutwa na chakula hali. Mjukuu wake alipokuja kumsalimia, akanishika mkono akaniambia nitazame: bibi alipiga kelele alipogeuzwa kushoto tu. Kulia, kimya. Bega lake la kushoto lilikuwa limekakamaa, na sisi tulikuwa tukilivuta kila siku. Daktari aliagiza parasetamoli kwa saa zilizopangwa, dozi moja ikitangulia kuoga kwa saa nzima. Tukaanza kumgeuzia upande mwingine huku bega limeshikiliwa kwa mkono. Baada ya siku nne kelele zikaisha. Neno "mkorofi" sijaliandika tena kwenye faili la mgonjwa yeyote.

Namna ya kufanya ni hii. Mtazame akiwa ametulia, kisha mtazame tena wakati wa kumgeuza au kumvisha, kwa sababu maumivu mengi hujificha mtu akiwa hajaguswa. Kuna kipimo kiitwacho PAINAD, kilichotolewa mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa hawa hasa. Unaangalia mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso wake, mwili wake, na kama anabembelezeka. Kila moja unalipatia alama 0, 1 au 2, jumla ya juu ikiwa 10. Uso uliokunjamana, ngumi zilizofumbwa, magoti yaliyovutwa juu, mguno wa chini kwa chini usiokatika: yote yanahesabika. Nikipata jumla ya 2 au zaidi naanza kutafuta chanzo kuanzia kichwani hadi unyayoni. Naangalia jino bovu, vidonda mdomoni, sikio, viungo, tumbo lililojaa choo, kibofu kilichojaa mkojo, kucha inayochoma, ngozi ya makalio na visigino.

Chanzo kisipoonekana lakini dalili zipo, zungumza na daktari mjaribu dawa ya maumivu kwa muda maalumu, kwa saa zilizopangwa, huku ukiandika alama kabla na baada. Usingoje aombe, hawezi kuomba. Mwaka 2011 huko Norway watafiti walifanya hivi kwa wakazi 352 wa nyumba za wazee waliokuwa na demensia na fadhaa. Walipotibiwa maumivu hatua kwa hatua, kuanzia dawa nyepesi, wengi wao kwa parasetamoli tu, fadhaa ilipungua. Mgonjwa aliyekonda sana au mwenye shida ya ini huhitaji dozi ndogo zaidi, hivyo dozi aipange daktari. Ikilazimu mofini, dawa kali ya maumivu, ianze kidogo, na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo.

Zile dawa kali za kutuliza zinazotumika kwa magonjwa ya akili ziwe za mwisho kabisa. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeweka onyo kwamba baadhi yake huongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na baadaye onyo hilo likapanuliwa kwa dawa nyingine za kundi hilo.

Hatua ya 4: Choo na vidonge

Hizi ni fupi. Andika kila siku alipopata choo. Siku ya tatu ikifika bila choo, chukua hatua. Kisha mwombe daktari apitie dawa zote moja moja: hii inamsaidia nini leo? Dawa iliyoanzishwa ili kumkinga na ugonjwa wa miaka kumi ijayo haina kazi tena, na kila kidonge kinachopunguzwa ni hatari moja ya kupaliwa iliyoondoka.

Hatua ya 5: Lisha kwa mkono, taratibu

Mkalishe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Kaa chini, macho yako yalingane na yake. Ukisimama atainua kichwa, na kichwa kikiinuka njia ya hewa inabaki wazi. Zima televisheni. Tumia kijiko cha chai, usikijaze. Gusa mdomo wa chini, ngoja aufungue mwenyewe. Ukishaweka chakula tazama koo: koromeo litapanda, kisha litashuka. Likishuka, hesabu mpaka tatu, angalia mdomoni kama pamebaki kitu, ndipo ulete kijiko cha pili. Akikohoa au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, simama. Akimaliza abaki wima kwa nusu saa.

Huchukua dakika arobaini, wakati mwingine zaidi, na anaweza kula vijiko vinane tu. Vijiko vinane vilivyomezwa vizuri vinatosha kwa siku hiyo. Akigeuza uso mara ya pili, chakula kimekwisha. Usimzibe pua, usimsukumie kijiko.

Swali la mpira wa kulishia litakuja, na litakuja kwa uchungu: "Tumwache afe njaa?" Jibu unalolijua ulitoe kwa upole. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri kulisha kwa mkono badala ya mpira kwa wagonjwa waliofika hatua hii. Mpira hauzuii nimonia, kwa kuwa mate na vinavyopanda kutoka tumboni bado vinaingia mapafuni. Haujaonekana kurefusha maisha. Tena wagonjwa huung'oa, na wakiung'oa hufungwa mikono. Mwili unaofunga kazi unaacha kuhisi njaa; kutokula ni dalili ya ugonjwa, na ndugu wana haki ya kuambiwa hivyo zaidi ya mara moja.

Hatua ya 6: Ngozi na kinywa

Mgeuze kila baada ya saa mbili au kadiri ngozi yake inavyovumilia, kwa kumwegemeza kidogo kwa mto mgongoni, si kumlaza ubavu kabisa. Visigino vielee: mto ukae chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse kitanda. Sehemu iliyobadilika rangi na haibadiliki tena unapoibonyeza ni mwanzo wa kidonda. Kinywa kisafishwe angalau mara mbili kwa siku hata kama hali chochote, kwa sababu uchafu wa mdomoni ndio unaoshuka mapafuni.

Hatua ya 7: Amueni mapema

Maamuzi mabaya hufanyika saa nane za usiku, mgonjwa ana homa na kila mtu amechanganyikiwa. Kaeni mapema, ndugu na daktari, muulizane: akipata nimonia ya mara ya tatu, tumpeleke hospitali au tumtulize hapa alipozoea? Moyo ukisimama, akandamizwe kifua? Mimi huwauliza ndugu hivi: "Mama angeweza kukaa nasi hapa kwa dakika kumi na akili zake zote, akajiona alivyo, angetuambia tufanye nini?" Mara nyingi huwa kimya kwanza. Halafu mmoja huanza, "Mama alikuwa akisema..." na kazi inakuwa imeanza. Andikeni mlichokubaliana, na karatasi ikae mahali ambapo anayelala na mgonjwa ataiona.

Hatua ya 8: Siku za mwisho

Anaacha kumeza. Mkojo unapungua, miguu inapoa na kupata mabaka, pumzi inakwenda na kukatika kisha inarudi. Waeleze ndugu haya kabla hayajatokea. Dawa za mdomoni zisitishwe, zile za kumpunguzia taabu zitolewe kwa njia nyingine atakayoagiza daktari. Koo likikoroma mlaze ubavu. Sauti ile huwatesa wanaosikia kuliko yeye. Midomo ilowanishwe kwa sponji, asinyweshwe. Ongea naye kwa jina lake unapomgusa, kama ulivyofanya siku zote.

Anayemuuguza naye amekuwa akimpoteza mtu huyu kwa miaka, kidogo kidogo, na mikono yake imezoea kazi isiyokuwepo tena. Mpigie simu wiki ya pili baada ya kifo, wageni wakishaondoka, na upige saa ile aliyokuwa akimlisha.