Kulifumua jina Ramesh

Nilipokuwa karani wa duka la vitambaa Dar es Salaam, daftari la madeni lilijaa akina Ramesh, Suresh, Dinesh na Mahesh. Nikadhani ni ukoo mmoja. Kumbe wanachoshirikiana ni mkia tu.

Ukimsikia mtu akiitwa Rameshbhai, kwanza vua hiyo "bhai". Ni "kaka" kwa Kigujarati. Kisha anzia mwishoni. Mkia ni "isha", neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, maana yake bwana, mtawala. (Si Isha ya sala, wala kuisha kwa sukari.) Kwa Kisanskriti jina ni Ramesha, Wagujarati na Wahindi wa kaskazini huimeza ile a ya mwisho, ila Karnataka, jimbo la kusini mwa India, bado utaisikia.

Sasa hiyo e imetoka wapi? Hapo Mswahili hahitaji mwalimu. Jino moja, meno mawili: ma-ino ikawa meno. Jiko, meko. A ikikutana na i huzaa e. Basi rudi kinyumenyume: Dinesh ni dina, yaani siku, na isha, bwana wa mchana, jua lenyewe. Suresh ni bwana wa sura, yaani miungu, naye ni Indra, mfalme wa miungu ya Wahindu. Mahesh, bwana mkuu, ni Shiva, mmoja wa miungu wakubwa wa Wahindu. Neno la mbele likiishia na i, e haizaliwi: giri ni mlima, na bwana wake ni Girish, Shiva tena.

Ramesh ndiye aliyenitelezesha. Nilishika kwamba ni Rama, shujaa wa Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu. Siye. Huyu Rama ni mwanamke, jina jingine la Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, na bwana wake ni Vishnu, mungu mwingine mkubwa wa Wahindu. "Bwana" kama tunavyolitumia sisi: mtawala na mume kwa mpigo. Tahajia yetu inaificha tofauti hiyo, kwa hiyo mwombe mwenye jina aliandike kwa Kihindi: रमेश. Ra ya shujaa huvutwa, na mvuto huo huandikwa kwa kijiti cha wima kinachosimama peke yake baada ya r. Hapo hakipo.

Usikate kila mkia, lakini. Ashish ni neno zima, maana yake baraka. Na Bangladesh haina bwana yeyote ndani yake. Desh ni nchi.