Usimfungulie mama kuku na vifaranga kabla ya siku 28

Ndugu wafugaji, msimu wa kuangua ukifika naulizwa dawa ya mwewe. Dawa ya mwewe haipo. Vifaranga wengi hapa kwetu Singida hawaliwi kwa sababu mwewe wamezidi. Wanaliwa kwa sababu mama amefunguliwa na watoto wake siku ya pili au ya tatu, asubuhi na mapema, kisha mwenye kuku akachukua jembe na kwenda shamba. Akirudi saa nane mchana, kati ya vifaranga 12 amebakiwa na 8. Wiki ikiisha ni 5. Mwezi ukiisha ni 2, na hapo ndipo linakuja neno ninalolisikia kila kitongoji: "Kuku wa kienyeji hawana faida."

Faida ipo. Tunawalisha mwewe.

Habari za kuatamisha, kuchagua mayai na kumwekea mama maji karibu na kiota mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Ninataka tuelewane juu ya jambo moja: mama na vifaranga wakae ndani siku 28 kamili. Wiki mbili hazitoshi. "Wameshachangamka" haitoshi. Kifaranga wa wiki mbili anaonekana mjanja kwa sababu anakimbia na kuchakura kama mkubwa, lakini mwili wake bado hauna manyoya ya kutosha kumkinga, na mvua ya dakika kumi ikimkuta nje anaganda kwa baridi.

Mnasema mama atawalinda. Tazama vizuri siku moja mama akiwa na watoto kumi na wawili uani. Akimwona mwewe hutoa mlio mkali, na vifaranga walio karibu hukimbilia chini ya mabawa yake. Walio karibu! Wale wawili watatu waliobaki nyuma wakigombania punje moja, hatua saba au nane kutoka kwake, hawafiki. Mwewe hana shida na mama. Yeye humtaka aliyebaki nyuma, na kila kundi lina wa kubaki nyuma, hasa asubuhi penye umande: kifaranga akilowa tumbo na miguu anapoa, akipoa anazubaa. Kwa hiyo ukifungua alfajiri umemkabidhi adui vifaranga waliokwisha dhoofishwa.

Kunguru ni mbaya zaidi kwa sababu haji peke yake. Mmoja hutua mbele ya mama na kumchokoza, mama anamfukuza, na nyuma yake mwenzake anaondoka na kifaranga. Ndugu zetu wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa wanateswa na kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na sasa amejaa pwani nzima. Huku bara tuna wetu mwenye kifua cheupe, naye kifaranga hamwachi. Chini nako kuna nguchiro anayewinda mchana kweupe, paka wa jirani, na kenge kwa wanaokaa karibu na mabwawa. Usiku ni zamu ya kicheche, kanu, nyoka, panya na siafu. Mama mmoja hawezi kuwakabili wote hao.

Sasa kuna wanaoniambia wanawafungia, na nikifika nyumbani kwao nakuta kosa lilelile limevaa nguo nyingine. Mmoja amemfunga mama kamba mguuni kwenye kigingi na vifaranga wanazurura. Huyo amemfunga mlinzi na kuwaacha wanaolindwa. Mwingine amemfunika mama kwa tenga, lakini fito zimeachana kiasi kwamba vifaranga wanatoka na kuingia wapendavyo. Mama anapiga kelele ndani, mwewe anachukua nje. Kama tenga lako liko hivyo, huna tenga.

Pima. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sm 2. Njia rahisi ni kidole gumba: kikipita kwa ulaini bila kugusa pande zote mbili, nafasi ni pana mno, ongeza fito. Kifaranga aliyeanguliwa juzi ana uzito wa gramu 30 hivi na sehemu kubwa ya umbo lake ni manyoya laini. Akijibana anapenya mahali ambapo ungeapa hapenyi. Tenga liwe na kipenyo cha mita 1 na kimo cha sm 60, juu liwe limesukwa vilevile, wala lisiwe wazi eti hewa ipite. Weka jiwe zito juu yake, kwa maana mbwa hulisukuma kwa pua na mama mwenyewe akihangaika hulinyanyua. Tenga la kipimo hicho linawatosha mama na vifaranga 12 kwa siku 14 za mwanzo tu.

Kuanzia siku ya 15 wahamishie kwenye kizimba cha mita 2 kwa mita 1, kimo sm 60, kilichofunikwa juu. Hapa wengi mnanunua waya wa kuku wenye matundu makubwa kwa sababu ni rahisi, halafu mnashangaa. Waya ule unamzuia kuku mkubwa asitoke. Haumzuii panya, haumzuii nyoka, na kunguru hupitisha mdomo akamvuta kifaranga kichwa. Waya unaotakiwa ni wa nusu inchi, yaani mm 13. Kama fedha haitoshi kuzungusha kizimba kizima, tumia wa nusu inchi kwenye sanduku la kulalia, na kwenye kizimba cha mchana weka ule wa matundu makubwa kisha uzungushe chini mabati chakavu au mbao hadi kimo cha sm 30. Hapo kunguru hawafikii vifaranga wakiwa wanakula, na vifaranga nao hawatoki.

Nguchiro na kicheche huchimba. Msihangaike kuchimba msingi kuzunguka kizimba kinachohamishwa. Chukua waya wenye upana wa sm 30, uushonee chini ya kizimba, uulaze juu ya ardhi kuelekea nje pande zote nne, na uukandamize kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya chini ya kucha zake hajui arudi nyuma sm 30 ndipo aanze upya.

Nasikia pia: "Bwana mifugo, nikiwafungia wanahara damu na kufa." Ni kweli wanakufa, na sababu naijua. Tenga limekaa mahali pamoja siku kumi, kinyesi kimelowana na maji yaliyomwagika, na vifaranga wanadonoa humo humo. Ugonjwa huo unapenda unyevu na uchafu. Sogeza tenga KILA SIKU asubuhi, umbali wa upana wake wote, ili wasikanyage pale waliposhinda jana, na usirudi mahali pa zamani kabla ya wiki mbili kupita. Ni kazi isiyomaliza hata dakika tano. Maji yawe kwenye sahani fupi yenye kokoto ndani, wanywe bila kuzama na bila kumwaga. Nusu ya tenga iwe kivulini, nusu juani, na ukumbuke kwamba kivuli cha saa tatu asubuhi hakipo tena saa saba mchana. Vifaranga waliofungiwa juani bila kivuli hufa kwa wingi kuliko mwewe yeyote anavyoweza kuua, na hapo usije kunilaumu mimi.

Chakula ndicho kinachowafanya mfungue mapema, hilo nalielewa. Mnaogopa gharama. Basi tuhesabu. Chakula cha kuanzia, yaani kile cha vifaranga kinachouzwa dukani: wiki ya kwanza kifaranga hupewa mpaka gramu 15 kwa siku, ya pili 21, ya tatu 35, ya nne 42. Kwa vifaranga 12 jumla ya siku 28 ni kama kilo 9 na nusu, na kuku wetu wa asili wenye umbo dogo hawafikishi hata hizo. Nenda dukani uulize bei ya kilo moja, zidisha, halafu linganisha na bei ya jogoo mmoja anayepakiwa hapa kwenda Dar es Salaam. Ukiokoa vifaranga wawili watatu tu waliokuwa wafe, chakula chote kimejilipa.

Na ukitaka kupunguza gharama, mletee kifaranga mchwa pale alipo badala ya kumtuma kuwatafuta. Jaza chungu kikuukuu mabua makavu na samadi yenye unyevu, kifunike kifudifudi juu ya tundu la mchwa jioni, na asubuhi kabla jua halijawa kali utakikuta kimejaa. Kung'utia ndani ya tenga. Funga na kitita cha mchicha kining'inie usawa wa vichwa vyao.

Kukaa ndani kuna faida nyingine ambayo msiipoteze. Wiki ya kwanza wote wako mikononi mwako, kwa hiyo chanjo ya mdondo (kideri) ya tone la jichoni inawezekana bila kukimbizana: tone moja, jicho moja, mshike mpaka apepese. Rudia kila miezi 3 kwa kuku wote wa nyumbani. Kifaranga aliyenusurika mwewe akafa kwa mdondo ni hasara ileile.

Usiku. Saa 12 jioni, wakati bado kuna mwanga wa kuona, wahamishie mama na watoto kwenye sanduku la sm 60 kwa sm 60, kimo sm 50, lenye dirisha la waya wa nusu inchi. Usingoje giza. Gizani huwezi kuwahesabu, na lazima uwahesabu kila jioni, kwa idadi, siyo kwa macho ya "wanaonekana wote". Sanduku lisimame juu ya miguu ya sm 50, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu. Siafu hawavuki oili, na bila hiyo wanaweza kumaliza kundi zima usiku mmoja, mama akiwa amewakalia vilevile. Sanduku lisiguse ukuta wala tawi, maana siafu wakipata daraja makopo hayana kazi. Kagua sakafu ya sanduku kwa kidole, kona kwa kona. Tundu la panya huanza dogo, na mnalidharau. Majani marefu yafyekwe mita 3 kuzunguka mahali hapo.

Kuhesabu siku 28 nako kunawashinda wengi. Siku ya 1 ni siku kifaranga wa mwisho alipokauka, siyo siku uliyosikia mlio ndani ya yai. Andika tarehe kwa mkaa juu ya sanduku. Wakikauka tarehe 3 Machi, siku ya 28 ni tarehe 30 Machi, na mlango unafunguliwa kwa mara ya kwanza tarehe 31. Hakuna kufungua tarehe 20 kwa sababu kuna harusi na hakuna wa kuwalisha. Mtafute jirani awalishe.

Hata siku hiyo ikifika, usifungue ukaondoka. Wiki ya 5 watoke saa 10 hadi saa 12 jioni tu, na mtu mzima awe uani muda wote huo. Mwewe hajalala jioni, ila wewe umesharudi nyumbani, na uwepo wako ndio ulinzi. Wiki ya 6 fungua saa 8 mchana, kama kuna mtu. Wiki ya 7 na ya 8 fungua saa 4 asubuhi, umande ukiwa umekauka. Wiki ya 9 waende na wenzao.

Uwanja wao usiwe mweupe kama barabara. Fagio limetupa sifa ya usafi, lakini kifaranga kwenye uwanja uliofagiliwa hana pa kujificha. Tengeneza vichanja viwili au vitatu vya matawi, kimo sm 40, umbali wa hatua 10 kati ya kimoja na kingine, wapate kupenya chini mama akipiga mlio.

Wapo wanaopaka vifaranga rangi nyekundu au zambarau ili mwewe awaogope. Paka ukipenda, ila rangi haichukui nafasi ya tenga, na nimeona vifaranga wa zambarau wakibebwa. Sumu sitaki kuisikia kabisa. Nyama yenye sumu inayotegeshwa kwa mwewe huliwa na mbwa wako, na tai, na huokotwa na mtoto, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa sumu. Wala usipotoshwe na anga tupu. Mwewe huhamahama kwa misimu, miezi fulani humwoni, halafu anarudi siku usiyoitazamia na kukuta mmezoea kuacha milango wazi.

Mwisho wa wiki ya 8 ukihesabu 10 kati ya 12, kazi imefanyika.

Wenye mitetea wawili au watatu waliotaga karibu karibu, wawekeeni mayai ya kuatamia siku moja, jioni moja, ili waangue pamoja baada ya siku 21. Vifaranga wa umri mmoja wanatumia ratiba moja ya kufungua. Wakipishana wiki mbili, wale wadogo hutolewa nje kwa kufuata kalenda ya wakubwa, na ndio wanaoliwa. Kama wamekwisha pishana, kila kundi liwe na tenga lake na tarehe yake ya mkaa. Anayehitaji kipimo cha sanduku au kuonyeshwa namna ya kushona ule waya wa sm 30, aje na fito zake na waya wake ofisi ya kata Jumanne asubuhi, tutatengeneza la kwanza pamoja. Njooni kabla mitetea hawajaangua.