Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuuendea Mtihani wa Mkanda Mweusi

Anayekusudia kuvaa mkanda mweusi wa karate na ahesabu miaka, asihesabu miezi. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki bila kukatiza, miaka minne au mitano ni muda wa kawaida, na mwenye kazi ya zamu au mtoto mchanga nyumbani ajiongezee mwenyewe. Ukiahidiwa mkanda huo ndani ya mwaka mmoja, tafuta dojo nyingine, yaani ukumbi mwingine wa mazoezi.

Ujue mtindo wako na mtihani wake, kwa sababu Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu hawatahini mambo yaleyale. Mimi ni mtu wa Shotokan, na ninayoyasema kuhusu kata, yaani mifululizo ya hatua na mapigo iliyopangwa, yanatoka huko. Uwe na suti mbili za karate, kwani wakati wa masika pamba nzito haikauki kwa siku moja, na ikikunjwa mbichi huota madoa ya ukungu yasiyotoka. Kata kucha za mikono na miguu. Kinga ya meno inunuliwe mapema ili uzoee kupumua nayo. Ukiwa na homa wiki ya mtihani, kapime malaria kwanza, usijidanganye kwamba jasho litaiondoa. Mtihani ukiangukia karibu na Ramadhani na wewe unafunga, mwambie mwalimu mapema ili mazoezi mazito yahamie baada ya futari.

Kuhusu kata, nakuomba usizidharau Heian, zile kata tano za msingi. Kwa kawaida mtahiniwa huonyesha kata aliyoichagua, tuseme Bassai Dai au Jion, kisha mtahini humtajia nyingine miongoni mwa Heian tano au Tekki Shodan, na hapo ndipo watu wazima huganda katikati ya ukumbi. Nimemwona mtu aliyetumia mwaka mzima kwenye Kanku Dai, yenye hatua 65, akipotea ndani ya Heian Yondan ambayo aliwahi kuwafundisha watoto. Chora alama ya chaki sakafuni unapoanzia. Heian inapaswa kukurudisha palepale, na ukiishia hatua nzima pembeni, basi misimamo yako haina urefu ulio sawa, hata kama mikono inapendeza.

Angalia pia unafanyia wapi mazoezi. Wengi wetu Dar es Salaam tuna ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji siku za kazi na mchanga wa Coco Beach asubuhi za mwisho wa wiki. Mchanga hujenga mapaja, lakini huharibu mgeuko: mguu unapozama, mtu huzoea kuuchomoa juu na kuuzungusha mwili kwa bega, na akirudi kwenye sakafu ngumu hupepesuka. Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani, uache mchanga. Na goti la mbele lielekee vidole vya mguu kila unaposhuka kwenye zenkutsu-dachi, ule msimamo mrefu wa kukunja goti la mbele, lisilalie ndani, kwa maana goti likishaharibika halikusubiri ufaulu.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu, ambalo husemwa kwa sauti ndogo mno katika dojo zetu, nalo ni karatasi. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, alipowapa wanafunzi wake dan za kwanza za karate, yaani madaraja ya mkanda mweusi, mwaka 1924, aliufuata utaratibu ambao Jigoro Kano alikuwa ameuweka katika judo, na tangu hapo daraja limekuwa kitu kinachotolewa na mtu mwenye mamlaka ya kulitoa na kuandikwa mahali. Mtahini asiyekujua hatazami rangi iliyo kiunoni mwako. Anatazama kijitabu.

Nilianza mazoezi katika ukumbi mmoja wa Temeke, na kila nilipofaulu daraja nilimkabidhi mwalimu ada pamoja na kijitabu changu chenye jalada la buluu, ili kigongwe mhuri na jina langu lipelekwe makao makuu ya mtindo wetu. Hadi mkanda wa kijani kijitabu kilirudi kimegongwa. Baada ya hapo kikaanza kukaa kwake. Alituambia tusiwe na wasiwasi, kwamba angeyaandikisha madaraja yote kwa pamoja tutakapokaribia mkanda mweusi, na sisi tuliomheshimu kama baba mzazi tuliona ni utovu wa adabu kuuliza mara ya pili. Ada niliendelea kutoa, mkononi, bila risiti. Vijitabu alitugawia asubuhi ya mtihani mlangoni pa ukumbi, na nilikipokea changu bila kukifungua.

Mtahini alikuwa mgeni kutoka nje. Aliketi nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, akakipekua kijitabu changu ukurasa kwa ukurasa. Baada ya mhuri wa mkanda wa kijani ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu, na uliofuata, na uliofuata. Alirudi nyuma, akazitenganisha kurasa kwa ukucha kana kwamba huenda zilinatana kwa unyevu, kisha akaniuliza kupitia mkalimani mtihani wa mkanda wa kahawia niliufanya lini na mbele ya nani. Nilimtajia tarehe na ukumbi. Alinisikiliza hadi mwisho, akakifunga kijitabu na kunirudishia kwa mikono miwili. Hakuwa mkali hata kidogo. Alisema hawezi kumtahini kwa dan mtu ambaye katika daftari la makao makuu bado ni mkanda wa kijani.

Tulirudishwa watano, wote wa dojo moja. Mama yangu mdogo alikuwa amesafiri kutoka Morogoro kuja kunitazama, ameketi benchi la nyuma na chupa ya chai, na kwa muda mrefu hakuelewa kwa nini wengine wanaitwa na mimi siitwi. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu kurudia mitihani ya kahawia chini ya mwalimu mwingine. Watatu kati yetu hawakukanyaga tena dojo. Mmoja wao alikuwa na mae-geri, teke la mbele, safi kuliko ya yeyote kati yetu, na hilo linaniuma hadi leo kuliko mwaka wangu na nusu.

Kwa hiyo, baada ya kila mtihani wa kyu, yaani daraja lililo chini ya mkanda mweusi, weka ukomo wa miezi miwili kichwani mwako: muda huo ukipita kijitabu hakijarudi na mhuri, uliza. Kuuliza si kumvunjia mwalimu heshima. Msubiri mazoezi yaishe, iname kama kawaida, umwambie, "Sensei, naomba kijitabu changu nipige picha kurasa zangu." Mwenye kumbukumbu safi atakuletea kipindi kijacho. Asipoleta mara tatu, waandikie makao makuu ya mtindo wako mwenyewe, kwa adabu, ukitaja jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na uulize umeandikwa kyu gani. Wala usichanganye usajili wa klabu na usajili wa daraja. Klabu kusajiliwa na Baraza la Michezo la Taifa ni jambo la lazima, lakini cheti kile kinahusu klabu, hakithibitishi kyu yako. Nasi tulikitazama kila jioni, kimetundikwa ukutani, tukaamini kwamba mambo yetu yako sawa.

Ada yoyote unayotoa iwe na risiti, au itumwe kwa simu ili ujumbe wa malipo ubaki. Ada ya mtihani, ya cheti na ya kuandikishwa makao makuu mara nyingi ni vitu vitatu tofauti, kwa hiyo zijue zote kabla hujaanza kuchanga. Nenda ukauone ukumbi wa mtihani wiki moja kabla, ukanyage sakafu yake kwa miguu mitupu, na ujue feni ziko wapi. Kunywa maji tangu siku iliyotangulia. Ukitokea Mbagala au Gongo la Mboto, ondoka mapema, kwani mtu aliyekimbia kutoka kituoni hawezi kutuliza pumzi katika hatua ya kwanza ya kata. Kijitabu kikunje ndani ya mfuko wa nailoni, kibebe mfuko wa mbele wa begi mbali na suti na chupa ya maji, na kabla hujafunga zipu kifungue, uhesabu mihuri.