Kusoma slaidi ya kibofu: usiangalie saratani tu, angalia na majirani zake

Mwongozo huu ni wa wanafunzi na intani wanaokaa kwenye hadubini hapa Mwanza. Saratani ya seli bapa ya kibofu cha mkojo tunakutana nayo kwa sababu ya kichocho cha mkojo, kile cha madimbwi na majaruba ya mpunga ya Kwimba na Misungwi.

1. Lenzi ya kukuza mara 4. Usikimbilie viini vilivyoharibika. Tafuta kwanza utando mwembamba ulio chini ya safu ya seli. Seli za saratani zikiuvuka, huo ni uvamizi. Mkato ulioenda mshazari hudanganya: kisiwa cha seli kilichoonekana kujitenga huenda bado kimeungana na safu ya juu. Ukiwa na shaka, omba mikato ya ndani zaidi kwenye bloku hiyohiyo (kipande cha nta chenye tishu).

2. Lenzi ya 10. Fuata ukingo wote taratibu. Wengi wamefundishwa kwamba seli lazima iachane na wenzake ndipo ivamie. Hapa mara nyingi utaona ndimi nzima za seli zikishuka, seli zimeshikana kwa protini ya E-kadherini.

3. Lenzi ya 40. Hapa tulia. Mbele ya ulimi, kwenye kolajeni ya waridi (nyuzi za protini zinazoshikilia tishu), kuna seli ndefu nyembamba: fibroblasti, zinazotengeneza nyuzi hizo. Si saratani, lakini usizipite. Mwaka 2007 kikundi cha Erik Sahai, London, kiliziweka kwenye jeli pamoja na seli bapa za saratani. Kila msafara ulioingia ulitanguliwa na fibroblasti, iliyotoboa njia. Bila fibroblasti seli zile hazikuingia. Mwaka 2017 watafiti wa Barcelona wakaonyesha kwamba fibroblasti pia huvuta: N-kadherini yake, protini nyingine ya kushikanisha seli, hushikana na E-kadherini ya seli ya saratani, na seli inaburutwa. Kwa hiyo jirani anayeonekana mzima ndiye anayeongoza. Andika kwenye ripoti kama tishu mbele ya ndimi imejaa fibroblasti na kolajeni changa.

4. Mayai ya kichocho. Yatafute pembeni, yenye mwiba nchani. Mengi yameshaingia chokaa na kuwa ya bluu iliyokolea.

5. Misuli. Ndimi zimefika kwenye misuli minene ya ukuta? Jibu hilo hubadilisha matibabu kabisa. Usichanganye na vinyuzi vyembamba vya misuli vilivyo karibu na utando. Kama sampuli haina misuli minene, iandike wazi, ili daktari wa upasuaji ajue anatakiwa kuchukua kinyama kingine.