Presha inayokuja na kuondoka: weka daftari hivi

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha huku Eastlands, Nairobi, na wengi wanaokuja kwangu wana presha ya kawaida: ya umri, ya uzito, ya chumvi, ya ukoo. Haya nawaandikia wale wengine. Leo kemisti wamempima 210, kesho kwetu anapatikana na 120, na kila anayemsimulia anamjibu kwamba ni mawazo.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, yenye gramu 4 au 5 hivi. Ikiota uvimbe unaotoa homoni, dalili hutegemea ni homoni ipi. Uvimbe huo ni nadra, na mara nyingi si saratani. Ila ni kati ya visababishi vichache vya presha ambavyo upasuaji unaweza kuviondoa kabisa. Shida ni kwamba shambulio halisubiri zamu yako ya kumwona daktari. Ndiyo maana nasema: andika.

Nunua daftari la shule na, mfuko ukiruhusu, mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono siziamini sana. Andika kilichotokea, usikipe jina. Ukiandika "malaria" au "ulcers" umeshamfungia daktari njia. Mama mmoja wa mitumba Gikomba aliniletea ukurasa huu:

"Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Nimeinama kufungua robota. Kichwa kinagonga, moyo mbio, jasho limelowesha blauzi na jua halijatoka. Binti anasema midomo imepauka. Naona kama nakufa. Presha 208/118, mapigo 126. Saa tano kasorobo imeisha. 124/78. Mikono baridi."

Huo ni ukurasa wa kumwonyesha daktari yeyote. Kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, vikija pamoja kwa ghafla na kuondoka, hutufanya tufikirie feokromositoma, uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini, homoni ya mshtuko. Kupauka nako kuna uzito. Joto la kukoma hedhi hufanya mwili uwake moto, lakini mwenye uvimbe huu mara nyingi hupauka. Kwa ngozi zetu tazama midomo, viganja na ndani ya kope. Andika ulikuwa ukifanya nini: kuinama, kujikamua chooni, kula mlo mzito, kumeza dawa ya mafua, kudungwa dawa ya kuzuia kutapika. Kama shambulio linakuja kila ukikojoa, sema bila haya, kwa sababu uvimbe wa jamii hiyo huweza kuota hata kwenye kibofu. Ongeza kukonda, kufunga choo, na sukari iliyopanda bila sababu. Ukisikia kizunguzungu unapoinuka, pima ukiwa umelala, kisha pima tena baada ya kusimama dakika 3.

Uvimbe wa aldosteroni, homoni inayozuia chumvi mwilini, aliouelezea Jerome Conn wa Michigan mwaka 1955, hauna vishindo. Presha haisikii dawa tatu, misuli inakaza, miguu inaisha nguvu, usiku unaamka mara kwa mara kukojoa. Potasiamu huweza kuwa chini, lakini ikiwa sawa usidhani shaka imeisha. Ukiambiwa ule ndizi za kuongeza potasiamu, kula, halafu uliza kuhusu kipimo cha aldosteroni na renini, kemikali ya figo inayoiamsha aldosteroni.

Uvimbe wa kotisoli, homoni ya mkazo, huonekana kwa macho: uso wa mviringo, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, michirizi mipana ya zambarau, damu kuvilia kwa kuguswa kidogo, kushindwa kupanda matatu bila kujivuta kwa mikono. Kabla ya kulaumu tezi, orodhesha krimu za kung'arisha, vidonge vya kunenepesha na sindano za viungo. Nyingi nimekuta zina steroidi, dawa za jamii ya kotisoli, na steroidi huleta sura hiyohiyo. Usiziache kwa ghafla, tezi zako huenda zimelala. Na mwanamke anayeota ndevu, sauti ikawa nzito na hedhi ikakatika ndani ya miezi michache, asingoje daftari lijae. Aende wiki hiyohiyo.

Kwa shaka ya adrenalini, kipimo ni metanefrini, mabaki ya adrenalini ikishavunjwa mwilini. Kama ni damu, inafaa ulale kimya kama nusu saa kabla ya kutolewa. Kama ni mkojo wa saa 24, ule wa kwanza asubuhi umwage na uandike saa. Baada ya hapo kila tone liingie mtungini, hadi wa kwanza wa kesho yake, nao uingie. Mtungi mara nyingi huwa na asidi, basi kojolea kikombe kisha umimine. (Siku hiyo usipange safari ya Githurai.) Taja dawa zote unazomeza, hata parasetamoli, maana nyingine huvuruga majibu. Picha ya CT hufuata baadaye. Ukianza nayo unaweza kuona kijivimbe kisicho na kosa lolote, ukakosa usingizi bure.

Jambo moja silegezi. Atenololi au propranololi, dawa za kupunguza mapigo ya moyo, ikianzwa kabla ya alfa bloka, dawa ya kulegeza mishipa ya damu, kwa mwenye uvimbe wa adrenalini, huweza kupandisha presha vibaya. Kama tayari unaimeza usiiache mwenyewe, mpeleke daktari daftari upesi. Presha ikipita 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa au upande mmoja kulegea, weka kalamu chini uende kasualti.

Waulize pia wa nyumbani kama kuna aliyewahi kuwa na uvimbe wa tezi, au aliyekufa ghafla akifanyiwa upasuaji, kwa kuwa feokromositoma huweza kurithiwa. Na ukipangiwa upasuaji wowote, hata mdogo, mtu wa nusukaputi alione daftari kabla hujapanda kitandani.