Mradi wa ndege darasani: gawa makundi kwa makazi, sio kwa ndege

Walimu wengi tukisikia mradi wa ndege tunawaza kitu kimoja: kila kundi lipewe ndege wake, wamchore, waandike anakula nini na anataga mayai mangapi, halafu karatasi zibandikwe ukutani basi. Ukutani inapendeza, sikatai. Lakini hapo hakuna ushirikiano wowote, maana kundi la tai halihitaji chochote kutoka kundi la njiwa, na ndani ya kundi lenyewe unakuta mtoto mmoja mwenye mkono mzuri anachora wengine wanamtazama. Na makazi yanakuwa sentensi moja tu ya mwisho, "anaishi msituni", imeisha hiyo.

Jaribu kugeuza. Kila kundi lipewe mahali: mikoko, ufukwe, uwanja wa shule, jalala la soko, shamba, msitu. Kazi yao ni kujua nani yuko pale na anafanya nini pale. Hapo ndio wanaanza kuhitajiana, maana swali la mradi mzima ni moja tu, liandike kwa maandishi makubwa likae ukutani tangu siku ya kwanza: kwa nini ndege huyu yuko hapa na kule hayupo? Kundi la mikoko peke yake haliwezi kulijibu, mpaka liwaulize wa shamba na wa jalala wao wameona nini.

Ukiweza, fanya na shule nyingine yenye mazingira tofauti kabisa na yenu, hapo mradi unanoga. Nitatumia mfano wa Tanga kwa sababu mkoa huu umebarikiwa: una shule za mjini zilizo karibu kabisa na bahari, halafu ukipanda Muheza mpaka Amani, Usambara Mashariki, safari isiyofika kilomita 100, uko kwenye msitu wa mvua ambao una ndege hawapatikani karibu popote pengine duniani. Chozi wa Amani kwa mfano, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda wa kunyonyea maua, anajulikana Usambara Mashariki, Udzungwa, na Arabuko-Sokoke kule Kenya, basi. Mtoto wa Tanga mjini anamjua chozi mwingine wa kwenye maua ya uani kwao, huyu wa Amani hajawahi kumuona, na mtoto wa Amani naye pengine hajawahi kuona ndege wa ufukweni. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, ndio ushirikiano wenyewe huo.

Mpate mwalimu mwenzako mapema, mwezi mzima kabla au zaidi. Mmoja tu anatosha, ila awe mtu anayejibu simu. Kaeni muelewane vitu vichache: darasa gani, vipindi gani (sayansi mara nyingi inakubali, Kiswahili na jiografia navyo vinaingia humu humu), na wiki ngapi. Wiki sita zinatosha, zikizidi watoto wanachoka na mitihani inaingilia. Mpelekeeni mwalimu mkuu karatasi moja tu inayoonyesha mradi unagusa mada zipi za mtaala, usimpelekee maelezo marefu, anataka kujua kwamba hampotezi vipindi. Barua za ruhusa kwa wazazi ziende mapema, hasa kama kuna kutoka nje ya uzio.

Wakati wa kuanza: kwa pwani yetu chagua Oktoba kama unaweza. Ndege wahamiaji wanakuwa wameshaingia, mbayuwayu kutoka Ulaya, sululu na vitwitwi waliozaliana kaskazini kabisa huko Ulaya na Siberia, na Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamiaji Duniani (inaadhimishwa mara mbili kwa mwaka, nyingine ni Mei), kwa hiyo una sababu nzuri ya kumshawishi mwalimu mkuu. Pia vuli inakaribia, na mvua zikianza mnana wanasuka viota.

Sasa hili nalikazia kwa wenzangu wa pwani: angalieni maji kabla ya kupanga siku. Ratiba ya shule inasema Jumanne saa 3, bahari ina ratiba yake. Maji yakiwa yamejaa, wale ndege wa matopeni hawana pa kulia, wanakusanyika kwenye fungu la mchanga au juu ya mikoko wanapumzika, na watoto watarudi wakisema hakuna kitu. Maji yakianza kupwa ndio wanashuka kula, na hapo wanakuwa karibu, wanakimbia na ukingo wa maji. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo saa iliyofaa Jumanne hii, Jumanne ijayo haifai. Bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakimbilia mbali sana na ndege nao wanaenda mbali, bila darubini humwoni mtu. Muulize mvuvi yeyote au mzazi anayeokota chaza, atakutajia siku na saa bila kufungua simu. Bora zaidi waache watoto wenyewe wakamuulize, iwe sehemu ya kazi ya wiki ya kwanza. Na viatu kila mtu, maganda ya chaza yanakata mguu kama wembe.

Huko nchi kavu saa ndio muhimu. Kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3 ndege wanafanya kazi, baada ya hapo jua likikaza wanajificha. Kama vipindi vinaanza saa 2, ombeni kile kipindi cha kwanza kabisa.

Mbinu ya kuhesabu iwe moja kwa wote, shule zote mbili, vinginevyo mtashindwa kulinganisha. Nyepesi ni hii: mnasimama sehemu moja, dakika kumi, kimya, mnaandika kila ndege mnayemuona. Kwenye karatasi weka tarehe, saa, hali ya hewa, jina la ndege, idadi, alikuwa wapi hasa (ardhini, kwenye maji, juu kabisa ya mti, kwenye waya), na safu ya mwisho ipe nafasi kubwa kuliko zote: anafanya nini. Hiyo safu ndio yenye majibu. "Yangeyange 4" haisemi chochote, ila "yangeyange 4 wanatembea nyuma ya ng'ombe wanadaka panzi wanaoruka ng'ombe akikanyaga nyasi", hapo mtoto ameshajua kwa nini yangeyange yuko malishoni. Kundi likiwa kubwa wafundishe kuhesabu kumi za kwanza, waone kumi zinachukua nafasi gani, halafu wakadirie ziko kumi ngapi. Sifuri nayo iandikwe. Kama jalalani hakuna chozi hata mmoja, hiyo ni habari.

Watumie penseli, kalamu ikilowa imeisha. Darubini ukiazima moja mshukuru Mungu, ukikosa sio mwisho wa dunia, chagua sehemu ambazo ndege wamezoea watu. Kuna apu ya bure inaitwa Merlin, imetengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Cornell Marekani, unapakua pakiti ya eneo lenu mkiwa na wifi halafu inafanya kazi hata bila bando, inakuuliza ukubwa, rangi, na ndege alikuwa anafanya nini, inakuletea picha. Ila isiwe kitu cha kwanza. Kwanza waandike walichokiona, wachore, wabishane, ndio simu itolewe.

Kuhusu majina msiwe wakali. Nusu ya ndege hawatajua majina, na wewe pia hutajua, haina shida, wampe jina la muda kwa sifa yake, "mdomo mrefu umepinda chini", mpaka mtakapompata. Kule Amani watoto wengi wana majina ya Kisambaa kutoka kwa babu na bibi zao, hayo yaandikwe kwanza, maana babu huwa anajua pia ndege yule alikuwa anaonekana wapi zamani na siku hizi haonekani.

Na wale vijana wenye manati, usiwafukuze. Darasani kwako ndio wanaojua ndege kuliko wote, wanajua analala wapi, anakunywa maji saa ngapi, sauti yake ikoje. Makubaliano yawe wazi kwamba mradi ukianza manati inakaa nyumbani, viota haviguswi, mayai hayaguswi, ndege aliyekufa haguswi na mkono, halafu wape uongozi wa kuonyesha wenzao. Mtoto ambaye hesabu zinamsumbua kila siku, siku hiyo ndio anaulizwa yeye, utaona anavyobadilika.

Ndani ya kila kundi gawa kazi: mmoja anahesabu, mmoja anaandika, mmoja anachora, mmoja anashika saa, mmoja atasimulia. Kila wiki wanabadilishana. Ukiwa na darasa la watoto 70, makundi saba ya kumi kumi, kila kazi watu wawili wawili. Kama huwezi kutoka na wote, makundi mawili yanatoka na mwalimu wa ziada au mzazi, mengine yanafanya uwanja wa shule. Uwanja wa shule usiudharau kabisa.

Mfano wa kitu cha kukiangalia kwa karibu ni mnana, karibu kila shule ya pwani ina mnazi au mti wenye viota vyake. Watoto wakae chini ya mti mbali kidogo, wamchague dume mmoja wa njano, wamfuatilie yeye tu. Anaenda kwenye kuti, anauma ukingo wa jani, anaruka nao na ule uzi mrefu wa kijani unachanika wenyewe. Anarudi, anaanza na pete moja anayosimama ndani yake, mengine yote anayasuka kuizunguka pete hiyo, mlango unaangalia chini. Mara nyingi anachuma majani ya tawi lile mpaka linabaki tupu, nyoka akija anaonekana. Akimaliza ananing'inia anapiga mabawa kumuita jike, jike anaingia anakagua, asipokipenda anaondoka, na kiota kikishanyauka bila mteja dume anakibomoa mwenyewe anaanza upya. Baada ya hapo uliza: kwa nini mti huu na sio ule? Waache wajibu wenyewe.

Wenzao wa Amani wao wana hondohondo, wale wakubwa wenye pembe juu ya mdomo ambao mabawa yao unayasikia kabla hujawaona. Jike anaingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango unazibwa kwa udongo mpaka unabaki ufa mwembamba tu, na dume anamlisha matunda kupitia ufa huo muda wote wa kuatamia. Sasa mtoto wa mjini akisikia hivyo atauliza mwenyewe, mti mkubwa wenye tundu ukikatwa je? Swali hilo lirudi Amani na watoto wa kule wakahesabu miti ya namna hiyo iliyobaki karibu na shule yao.

Mabadilishano yenyewe yawe mepesi, bando ni hela. Kila Ijumaa kila shule inatuma kwa wasap ya walimu vitu vitatu: picha ya karatasi ya hesabu, voisi ya dakika mbili ya mtoto anayesimulia jambo moja waliloliona, na swali moja kwa wenzao. Swali ndio moyo wa kazi, na lijibiwe kwa kutoka nje kuangalia, sio kwa kufungua kitabu. Swali zuri la kuanzia ni kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa mjini asili yao ni India, walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890 na wakaenea pwani, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na wanakaa palipo na watu na takataka. Shule ya mjini iulize, nyinyi mnao? Kama mnao, mnawaona wapi? Na yule kunguru wetu mwenye kifua cheupe mnamuona?

Bundi ataleta maneno. Kuna nyumba ambazo bundi akilia juu ya bati watu hawalali, na mtoto atakuja na habari hiyo. Usimcheke wala usimkatishe mbele ya wenzake, mwache asimulie, iandikwe kama simulizi la nyumbani, halafu kundi lake lichunguze bundi anakula nini. Chini ya mahali anapolala huwa kuna vidonge vya manyoya na mifupa anavyotapika, mwalimu akivipasua kwa vijiti akiwa na glavu wataona mafuvu ya panya, na hapo mazungumzo yanabadilika bila wewe kuhubiri.

Kazi ya mwisho iwe ramani moja, sio mabango kumi. Kila shule inachora nusu yake kwenye manila za kuunganisha, kutoka baharini kupanda mpaka msituni, ndege wanawekwa pale walipoonekana kweli na idadi yao, na pembeni ya kila makazi sentensi chache za kwa nini. Siku ya kukutana nusu mbili zinaunganishwa, nauli ikikosekana basi picha. Mkipanga alama, msimpe mchoraji bora peke yake: mwombe kila mtoto aeleze makazi ya kundi lingine, sio lake. Akiweza, kundi lile lilimfundisha na yeye alisikiliza, wote wamepata.

Karatasi za hesabu zitunzwe kwenye faili shuleni, zisichanwe Desemba, na kama mwalimu ana akaunti ya eBird, ile tovuti ambayo watu wanaingiza ndege waliowaona, aingize yale ambayo mna uhakika nayo tu. Halafu mkipata nguvu rudini sehemu zile zile Februari kabla wahamiaji hawajaondoka, maana Machi na Aprili wanaanza kupotea mmoja mmoja, na tena Juni wengi wao wakiwa wameshaenda, dakika kumi zile zile, maji yakiwa kwenye hali ile ile.