Namna ya kumwandika shujaa mtulivu katika tamthilia ya wuxia (hadithi za Kichina za mashujaa wa mapigano)

Kabla ya kuandika pambano lolote, amua ni ndugu gani anayeuzuia mkono wa shujaa wako, na kwa nini. Labda mama yake alimwapisha asishike upanga tena. Sababu moja inatosha. Ukirundika tatu, siku upanga unapochomolewa mtazamaji hatajua ni kiapo kipi kimevunjwa.

Kisha mpe familia ya pili, yaani shule ya mapigano. Humo shifu ni mwalimu na mzazi, na mwanafunzi hupokelewa kwa kupiga magoti, kugusisha paji la uso sakafuni na kumwandalia chai. Shixiong ni kaka, shijie ni dada. Shidi na shimei ni wadogo zao. Mara nyingi ukubwa huenda kwa aliyetangulia kuingia shuleni, hivyo kijana wa miaka 16 anaweza kuwa shixiong wa mtu wa miaka 30. Itumie nafasi hiyo: ugomvi unao tayari, bila kuleta adui mpya.

Katika sehemu ya dakika 45, dokeza uwezo wake mara mbili kabla ya pambano. Dokezo la kwanza alione mtu wa nyumbani peke yake, la pili alione adui. Pambano lenyewe liwe fupi. Likirefushwa, utulivu wote uliojenga unageuka maonyesho.

Mapenzi ya wazee usiyaweke kwenye hotuba. Baba amtilie mwanawe kipande cha samaki bakulini kwa vijiti vyake, basi.

Penye utamu hasa ni kuponya. Kwa desturi ya hadithi hizi, shujaa hukaa nyuma ya ndugu aliyejeruhiwa, akambandika viganja mgongoni na kummiminia neili, nguvu yake ya ndani. Hapo nguvu na undugu vinakuwa tendo moja, na hakuna anayepigwa. Waandishi wengi huharibu hapa: sehemu inayofuata shujaa anaruka mapaa kama kawaida, au anameza kidonge cha ajabu akapona. Panga gharama mapema. Akitoa nusu ya neili, pumzi imkatikie katikati ya pambano linalofuata, mkono utetemeke, adui agundue. Ndugu aliyeponywa asijue sababu mpaka sehemu mbili au tatu zipite, na aambiwe na mtu mwingine, kamwe si shujaa mwenyewe.